Aliumia uti wa mgongo akiwa mtoto, sasa ni mtu mzima: nani amtunze?

Mama mmoja kutoka Makueni ameniandikia barua ndefu. Mwanawe alianguka kutoka juu ya mwembe akiwa na umri wa miaka minane, akavunjika mgongo sehemu ya juu ya kifua, na tangu siku hiyo hajasimama. Leo kijana huyo ana miaka 24. Amesoma hadi kidato cha nne, anatengeneza simu za majirani, na anapanga kuhamia mjini afungue kibanda chake. Mama anasema kwamba kwa miaka 16 ni yeye aliyekuwa akimtoa mkojo, kumwosha, kumgeuza usiku na kumkagua matako kama kuna kidonda. Anauliza iwapo ni sawa kumwacha aende. Kisha anauliza swali la pili, ambalo nadhani ndilo lililomfanya ashike kalamu. Yeye mwenyewe ametimiza miaka 61 na magoti yanamuuma. Siku asipokuwepo itakuwaje?

Nimeamua kumjibu hapa gazetini kwani najua nyumba nyingi zina kijana wa aina hii, na maswali ya wazazi hufanana. Wengine huona haya kutaja mambo ya mkojo na choo mbele ya daktari. Leo tutayataja bila kuficha, kwa hivyo, msomaji, uniwie radhi ikiwa unasoma ukiwa mezani.

Hapo zamani swali la mama huyu halingeulizwa. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wengi wa waliovunjika uti wa mgongo walifariki katika muda wa miezi au miaka michache. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wadi ya wagonjwa hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliona kwamba wanauawa na vidonda vinavyooza, na mkojo unaokwama ukaharibu figo. Akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mkojo utolewe kwa usafi. Wakaishi. Julai 29, 1948 aliandaa mashindano ya kupiga mishale ya watu 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, na hiyo ndiyo mbegu ya Paralimpiki. Kenya ilishiriki michezo hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1972 huko Heidelberg, Ujerumani.

Basi mtoto anayeumia siku hizi, akitunzwa vizuri, hutarajiwa kuwa mtu mzima, na hata mzee. Kazi ya mzazi ina sehemu mbili: kumtunza, na kumfundisha kujitunza. Nionavyo mimi, sehemu ya pili ndiyo tunayoisahau, sisi madaktari tukiwa wa kwanza.

Mtoto si mtu mzima mdogo

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno, kisha mifupa iliyoungana ya chini. Ndani yake unapita ugwe laini wa neva, mwembamba kama kidole cha mwisho cha mkono, unaoshuka kutoka ubongoni na kukomea karibu na mwanzo wa kiuno. Ukichubuka au kukatika mahali fulani, habari hazipiti tena: zile za kushuka, zinazoamrisha misuli, na zile za kupanda, zinazoeleza maumivu, joto, baridi na kujaa kwa kibofu. Ndiyo sababu aliyeumia shingoni huweza kupooza mikono na miguu, ilhali aliyeumia kifuani hubaki na mikono yake.

Mtoto ana mambo yake. Pingili zake zimeshikwa na kano zinazonyumbuka sana, hata zinaweza kuvutika, ugwe ukaumia, kisha zikarudi mahali pake. Picha ya eksirei ikipigwa huonyesha mifupa mizima, na mzazi huenda akaambiwa kwamba mtoto anajifanya. Mtoto aliyeanguka akalalamika kuwa miguu ina ganzi au imelegea asirudishwe nyumbani kwa ajili ya eksirei safi. Mashine ya MRI ndiyo inayouona ugwe wenyewe.

Aidha mtoto bado anakua. Kwa kuwa misuli haimshiki sawasawa, karibu watoto wote wanaoumia kabla ya kubalehe hupinda mgongo kadiri wanavyorefuka, na nyonga zao huweza kuchomoka. Mgongo uliopinda humfanya mtu akalie tako moja kuliko jingine, na tako hilo ndilo litakalopata kidonda. Mgongo ukipinda sana, hata mapafu hukosa nafasi.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni ya kumbukumbu. Mtu aliyeumia akiwa na miaka 30 anakumbuka jinsi kibofu kilichojaa kinavyosumbua, na jinsi matako yanavyowaka baada ya kukaa kutwa. Huwa na wasiwasi nayo hata asipoyahisi. Aliyeumia akiwa mdogo hakumbuki vyema, na pengine hakuwa na haja ya kukumbuka, kwani mama alikuwepo. Mama ndiye aliyejua saa ya mkojo umefika. Mama ndiye aliyejua kwamba uso ukitoka jasho bila joto kuna jambo.

Kosa nililolifanya mwaka 2008

Mwaka huo nilikuwa daktari mpya katika hospitali moja ya wilaya. Usiku mmoja aliletwa kijana wa miaka 19, aliyepooza tangu utotoni baada ya ajali ya matatu, jeraha lake likiwa chini kidogo ya shingo. Kichwa kilikuwa kikimgonga kama nyundo. Uso na shingo vilitiririka jasho, pua imeziba, macho mekundu. Nilipima shinikizo la damu nikapata 160 kwa 100. Nikamlaza chali, nikaagiza apimwe malaria na nikaandika tembe za presha za kumeza kila siku. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, aliniuliza kama nimetazama mpira wa mkojo. Sikuwa nimetazama. Alifunua shuka akakuta mpira umejikunja chini ya paja. Alipounyoosha, mkojo ulitoka kwa nguvu hadi mfuko ukakaribia kujaa. Akamketisha kijana wima, miguu ikining'inia. Muda si muda kichwa kikapoa, na shinikizo likarudi 100 kwa 60, ambalo ndilo la kawaida kwake.

Kilichonisumbua zaidi kilikuja asubuhi. Mama yake alifika kutoka matangani, kwani ndiko alikokuwa, na aliposikia habari alisema kwamba hali hiyo humpata mwanawe mara kwa mara, naye hunyoosha mpira ikaisha. Kijana alisikia hayo kwa mara ya kwanza pamoja nami. Miaka yote alidhani ni kichwa tu. Ujuzi uliokuwa ukimwokoa maisha ulikaa katika mikono ya mama, na siku moja mama alikwenda matanga.

Hali hiyo madaktari huiita disirefleksia ya otonomiki. Huwapata walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, na mwana wa mama wa Makueni huenda akawa mmoja wao. Kitu kinachoudhi mwili chini ya jeraha, kama vile kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda au hata ukucha ulioingia nyamani, huchochea mishipa ya damu ikaminyika. Ubongo hauwezi kupeleka amri ya kuilegeza. Shinikizo hupanda ghafla, na lisiposhuka mtu anaweza kupata kifafa, kupasuka mshipa wa ubongo au kufa.

Zingatia hesabu hii. Watu hawa kwa kawaida wana shinikizo la chini, lile la juu likiwa kati ya 90 na 110. Kwa hiyo 140, ambayo wengine huiona si haba, kwao ni hatari tayari. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kawaida yake kunatosha. La kufanya ni kumketisha mara moja, kuteremsha miguu, kulegeza mshipi, viatu na nguo, kisha kutafuta chanzo ukianza na kibofu, halafu choo, halafu ngozi. Asilazwe. Chanzo kisipopatikana upesi, au shinikizo lisiposhuka, ni hospitali bila kuchelewa, na aeleze kama amemeza tembe za nguvu za kiume, maana baadhi ya dawa za kushusha presha haraka haziendi pamoja nazo. Kijana aandikiwe kadi ya kutia mfukoni yenye kiwango cha jeraha lake, shinikizo lake la kawaida na jina la hali hii. Hata daktari mpya wa usiku ataisoma.

Kibofu na figo

Njia iliyoenea duniani tangu daktari Jack Lapides wa Marekani aeleze mwaka 1972 ni ya kuingiza mpira safi, kutoa mkojo wote, kisha kuuondoa mpira. Hufanywa kila baada ya saa nne hadi sita, na kinachotoka kisizidi nusu lita kwa mara moja. Ikizidi, vipindi viwe vya karibu zaidi, au apunguze vinywaji vya jioni. Mikono huoshwa kwa sabuni, mpira hupakwa jeli, basi. Mpira mpya kila mara ndio bora. Asiyeweza kumudu aulize hospitali yake namna ya kuosha na kukausha ule wake. Mtoto mwenye mikono mizima anaweza kuanza kufundishwa akiwa na miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo, mama, mwanao wa miaka 24 amechelewa, lakini hajachelewa mno. Siku chache na muuguzi mvumilivu zitatosha.

Wanaoishi na mpira wa kudumu hupata mawe ya kibofu na maambukizi ya mara kwa mara, na baada ya miaka mingi hatari ya saratani ya kibofu huongezeka. Damu kwenye mkojo isipuuzwe kwa kusema ni mpira umekwaruza. Huku kwetu, hasa Pwani, kuna pia kichocho, ambacho nacho huweza kuleta saratani ya aina hiyo hiyo.

Figo zitazamwe kwa altrasaundi kila mwaka hata kama hakuna maumivu. Hayatakuwepo. Na kipimo cha damu cha kreatini kinaweza kudanganya, kwa sababu kreatini hutoka kwenye misuli na misuli ya aliyepooza imekonda. Jibu likisema ni sawa, huenda figo zimeshapungua nguvu. Linganisha na majibu ya miaka iliyopita, ndiyo maana nasisitiza karatasi zihifadhiwe. (Ile tabia ya kuacha faili hospitalini ukitumaini itapatikana, tuiache.)

Jambo jingine dogo: waliotumia mipira ya latex tangu utotoni wanaweza kuota mzio wa latex. Midomo ikivimba baada ya kupuliza baluni, amwambie daktari kabla ya upasuaji wowote.

Ngozi hukaguliwa kwa macho

Kidonda cha kukalia huanza ndani, kwenye nyama iliyobanwa kati ya mfupa na kiti, na kinapotokeza nje huwa tayari ni shimo. Kwa ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi au ya zambarau kuliko jirani yake, yenye joto, au ngumu. Kijana ajikague mwenyewe kwa kioo chenye mpini, asubuhi na usiku. Akiwa kitini, kila nusu saa ainame mbele kifua kiguse mapaja, akae hivyo kama dakika mbili. Wengi hufundishwa kujiinua kwa mikono, nami sikatazi, lakini hakuna anayeweza kuning'inia dakika mbili, na mabega hayo ndiyo miguu yake. Yakichakaa akiwa na miaka 40 hatakuwa na mengine.

Alama ikionekana, asikalie hapo hadi ipotee, hata kama ni siku ya kazi. Wiki moja ya kulala kifudifudi ni rahisi kuliko miezi sita wadini.

Kuungua ndiko kunakoniudhi zaidi, maana kunazuilika. Nimetibu waliokaa karibu na jiko la makaa Julai wakitafuta joto, nyayo zikaiva bila habari. Nimetibu aliyebeba sufuria ya chai mapajani, na aliyesafiri mwendo mrefu kwenye kiti cha mbele cha matatu, juu ya injini. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko kinachohisi.

Mifupa ya miguu isiyotembea huwa dhaifu, ikavunjika kwa jambo dogo kama kuhamia kitandani au kunyooshwa goti kwa nguvu. Hakuna atakayepiga kelele. Utaona tu paja au goti limevimba na lina joto. Kuganda kwa damu mshipani huonekana vivyo hivyo, na yote mawili ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Tena, mkono uliokuwa na nguvu ukianza kulegea, au vidole vikiacha kutambua maji ya moto, usiseme ni uchovu. Miaka mingi baada ya jeraha, uwazi wenye majimaji huweza kutokea ndani ya ugwe na kupanda. MRI huuonyesha, na kuna tiba.

Ndoa na watoto

Hapa wazazi hunyamaza, na kijana hujifunza kwa marafiki wasiojua. Msichana aliyeumia utotoni hubalehe kama wenzake. Atapata hedhi, anaweza kupata mimba na anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Nasema hivi kwa sababu wapo walioambiwa ni tasa, wakashangaa mimba ikiwa ya miezi mitano. Atakachokosa huenda ni uchungu wenyewe, kwa hiyo miezi ya mwisho aonwe kliniki kila wiki na azalie hospitali kubwa. Ikiwa jeraha lake liko juu, shinikizo likipanda wakati wa kuzaa wengine watadhani ni kifafa cha mimba. Ile kadi ya mfukoni itafaa tena.

Wanaume wengi waliopooza huweza kusimika, wenyewe au kwa dawa, lakini kutoa mbegu ni shida. Kuna njia za kuzipata kwa mtikiso au kwa sindano ndogo, katika kliniki za uzazi, na gharama yake si ndogo. Aulize akiwa na mchumba wake, na mzazi abaki nyumbani.

Je, aende mjini?

Madaktari wa hospitali za Shriners nchini Marekani, miongoni mwao Caroline Anderson na Lawrence Vogel, waliwafuatilia watu wazima walioumia utotoni. Waliona kwamba kuridhika na maisha hakukutegemea sana jeraha liko juu au chini. Kulitegemea elimu, kipato, kazi na marafiki, na kulipungua penye vidonda na maradhi ya mara kwa mara. Kwa hivyo kibanda cha simu ni sehemu ya matibabu, nami namwambia mama: aende.

Ila asiende wiki ijayo. Anza kwa mwezi mmoja ambao yeye anafanya kila kitu nawe unatazama, mikono umeikunja. Utaumia kumtazama akihangaika, vumilia. Mwezi wa pili usitazame. Yeye akuambie jioni alichokiona kwenye kioo na saa alizotoa mkojo. Mwezi wa tatu nenda kwa dada yako siku nne, uache simu ikiwa wazi. Achague pia mtu mmoja wa rika lake mjini, amfundishe mwenyewe dalili za ule mshtuko wa shinikizo na namna ya kumketisha.

Kabla ya kukodi chumba apime mlango na kiti chake, aone choo. Ikiwa kiti chenyewe ni kile alichopewa akiwa darasa la sita, hakimfai tena. Mgongo na matako yake yamebadilika. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kina karakana za viti na wataalamu wa kupima. Mto wa kukalia ni lazima, na godoro lililokatwa kipande si mto. Nairobi kuna hospitali ya kitaifa ya waliojeruhiwa uti wa mgongo, ambako anaweza kupelekwa kwa barua ya hospitali ya kaunti. Ajiandikishe pia kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ikiwa bado. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa haki ya kufika mahali pa umma, na akiwa na kadi atakuwa na sauti zaidi kwa mwenye jengo.

Halafu kuna kliniki. Nimeona mara nyingi daktari akimuuliza mgonjwa wa miaka 30 swali, mama akajibu, daktari akaendelea kumwangalia mama. Nami nimefanya hivyo. Safari ijayo, mama, msindikize kijana wako hadi mlangoni, umpe daftari lake la mkojo na ngozi, kisha uketi nje kwenye benchi.